Kaliba ya rivolva: namna ya kuchagua ukiwa mtu wa Mwanza

"Kaka, mimi nataka ile yenye nguvu kuliko zote." Hivyo ndivyo alivyoanza mfanyabiashara mmoja wa dagaa aliyenikuta Mwaloni Kirumba nikisubiri mzigo. Alikuwa ameporwa mara mbili, amechoka, na kibali chake kilikuwa kinakaribia. Nikamuuliza anaishi wapi. Akasema Mabatini, juu kabisa kwenye mawe. Nikamwambia, basi kabla ya nguvu nijibu hili: risasi ikimkosa mwizi, itaenda kulala kwa nani? Akanyamaza kidogo, kisha akavuta kiti.

Nimekuwa na leseni kwa miaka kumi na sita, na rivolva, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa kwenye silinda inayozunguka, ndiyo silaha niliyoizoea kuliko bastola za magazini. Nimewahi kununua kaliba, yaani ukubwa wa risasi, isiyonifaa na nitakusimulia. Ninayoandika hapa ni kwa mtu mzima anayefuata sheria, anayetaka silaha moja ya kulinda nyumba au biashara, na ambayo mara mojamoja ataenda nayo kwenye uwanja wa shabaha kujifurahisha.

Kwanza, makaratasi

Usianze dukani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala jambo hili, na maombi huanzia serikali ya mtaa wako, yakapanda kata, yakafika wilayani na kwa Polisi. Ukiulizwa sababu ya kutaka silaha, sema ukweli: nasafirisha fedha za samaki alfajiri, nina duka Buzuruga, nimewahi kuvamiwa. Sababu yako ndiyo itakayokuongoza pia kwenye kaliba.

Nasema makaratasi kwanza kwa sababu silaha husajiliwa na kaliba yake. Huwezi kununua leo .38, mwezi ujao ukaona .357 ndiyo tamu, ukabadilishana na jirani kama mtu anayebadilisha simu. Na risasi unazoruhusiwa kuwa nazo zina kikomo. Chaguo la kwanza ndilo utakaloishi nalo.

Soma na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18. Una haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako na kulinda mali, lakini nguvu unayotumia ilingane na hatari iliyo mbele yako. Kibaka anayekimbia na ndoo ya dagaa amekupa mgongo. Huyo umwachie sungusungu na polisi.

Namba zinavyodanganya

Kaliba ni kipimo cha upana wa kichwa cha risasi, au tuseme ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kwa desturi ya Wamarekani na Waingereza huandikwa kwa sehemu za inchi, ndiyo maana unaona .22, .32, .38, .44. Tatizo ni kwamba majina mengi yalibaki kutoka zama za risasi za kale na hayalingani na kipimo halisi. Kichwa cha risasi ya .38 Special kina upana wa inchi 0.357, yaani milimita 9 na kidogo. Cha .357 Magnum nacho ni hichohicho, inchi 0.357. Cha .44 Magnum ni 0.429. Ukimwona mtu anabishana kijiweni kwamba .38 ni nene kuliko .357, mnunulie kahawa umwache.

Tofauti ya .38 Special na .357 Magnum iko kwenye ganda na baruti. Ganda la Magnum ni refu zaidi kwa kama milimita tatu, na urefu huo uliwekwa makusudi ili risasi ya Magnum isiingie kwenye rivolva ya .38. Mgandamizo wa gesi ndani ya Magnum ni kama mara mbili ya ule wa .38. Kwa hiyo rivolva iliyoandikwa .357 Magnum hupiga pia .38 Special bila wasiwasi wowote, lakini kinyume chake hakuna. Kanuni ni hiyohiyo kwa .44 Magnum, ambayo hupokea .44 Special.

Kwenye .22 kuna mtego mwingine. Risasi ya .22 LR (Long Rifle, ile ya kawaida) na ya .22 Magnum zinafanana jina tu. Ganda la Magnum ni nene zaidi, na ukitumbukiza .22 LR kwenye silinda ya Magnum inaingia ikiwa imelegea, ganda linavimba au kupasuka, na gesi inakurudia usoni.

Halafu kuna silaha za marehemu. Familia nyingi za Kanda ya Ziwa zina babu aliyefanya kazi na Mwingereza, na mara mojamoja ndani ya sanduku inaibuka Webley au Enfield ya zamani. Hizo nyingi ni za kaliba ya .38 ya Kiingereza, ganda fupi na nene, ambayo si ndugu wa .38 Special hata kama namba ni moja. Usizilazimishe, na usitumie tupa kupanua silinda kama kijana mmoja aliyenijia na wazo hilo. Tena kabla ya habari ya kaliba, silaha hairithiwi kama ng'ombe. Itoe sandukuni, uipeleke polisi, halafu uulize utaratibu ukiwa umeshaikabidhi.

Kanuni ya kushika ni moja: maandishi yaliyochorwa kwenye mtutu yafanane, neno kwa neno, na yaliyo kwenye kitako cha ganda. Yakitofautiana hata kwa neno moja, hiyo risasi si yako, isipokuwa zile Special nilizotaja ndani ya Magnum zao.

Tazama unapoishi

Hapa ndipo miongozo mingi ya mitandaoni inapotuacha, maana imeandikwa kwa watu wenye mashamba makubwa na nyumba zilizopeana nafasi. Sisi tunaishi kwenye mawe. Mabatini, Igogo, Isamilo, sakafu ya huyu iko usawa wa paa la yule. Mlango wako ukifunguka, mbele yako kuna bati la jirani, chini ya bati kuna kitanda, juu ya kitanda kuna mtoto. Bati halizuii risasi ya kaliba yoyote katika hizi ninazozitaja. Tofali la udongo au bloku jembamba la mchanga mwingi na saruji kidogo (na wajenzi wetu tunawajua) haliaminiki mbele ya Magnum.

Jiwe lenyewe nalo ni hatari ya namna yake. Granaiti hairuhusu risasi kuzama. Inaivunja ikarudi vipandevipande, au inaigeuza njia ikaenda usikokujua. Maji nayo, usidanganyike. Risasi inayogonga uso wa ziwa kwa pembe ya kulala inaruka kama kijiwe bapa ambacho watoto hurusha pale ufukweni. Hata hii .22 ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu ikipigwa juu. Usiku ukitazama ziwa kutoka Luchelele unaziona taa za wavuvi wa dagaa kama mji mwingine. Kila taa ina watu. Mtu anayekwenda "kujaribu" bastola yake kwa kupiga majini ni mtu wa kunyang'anywa leseni siku hiyohiyo.

Kwa hiyo chora ramani ya nyumba yako. Simama mahali ambapo ungesimama usiku ukisikia mlango unavunjwa, kisha uangalie kila upande: nyuma ya mlango kuna nini? Nyuma ya ukuta huo? Ukikuta pande tatu kati ya nne ni majirani, umeshafuta .44 Magnum kwenye orodha, na .357 ya nguvu kamili umeiwekea alama ya kuuliza. Anayeishi kwenye eka zake Usagara au Kisesa ana uhuru zaidi, ila naye ana wachungaji na mifugo.

Mkono wako

Rivolva hupigwa kwa njia mbili. Ukivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba kwanza, triga inakuwa nyepesi, kilo moja na nusu hadi mbili hivi. Usipovuta nyundo, triga yenyewe inafanya kazi zote mbili, inazungusha silinda na kuinua nyundo, na hapo uzito hufika kilo tano. Chukua dumu la lita tano lililojaa maji, ulinyanyue kwa kidole kimoja cha shahada. Ndio uzito huo. Usiku wa hatari utatumia njia hii ya pili, kwa sababu kuvuta nyundo huku mikono inatetemeka ni kuomba risasi itoke kabla hujaamua.

Kisha kuna teke, yaani silaha kurudi nyuma mkononi inapolia. Teke linatokana na mambo mawili: nguvu ya risasi na uzito wa silaha. Rivolva ya chuma ya ukubwa wa kati, mfano Smith & Wesson Model 10, ina uzito unaokaribia kilo moja na inameza teke la .38 vizuri. Ndogo za mfukoni za madini mepesi hazifiki hata nusu kilo, na .38 ileile ndani yake inauma kiganja. Tia .357 kwenye kitu hicho chepesi, utaelewa nilichokipata mimi.

Nilichokipata ni hiki. Silaha yangu ya kwanza ilikuwa .357 yenye mtutu wa inchi mbili. Aliyeniuzia alinisifia kwamba "hii ni dogo lakini tembo", nami nikapenda methali kuliko akili. Siku ya kwanza uwanjani nilipiga risasi tano za Magnum. Ya kwanza iligonga karatasi. Nne zilizofuata mpaka leo sijui ziligonga nini kwenye kile kichuguu cha udongo kinachokamata risasi. Mtutu mfupi hauipi baruti nafasi ya kuungua yote, kwa hiyo nguvu niliyoilipia ilitoka kama moto na kishindo mbele ya macho yangu. Na kwa kuwa nilishika kwa mtindo wa bastola ya magazini, kidole gumba kikiwa mbele karibu na silinda, gesi inayotoka kwenye upenyo kati ya silinda na mtutu iliniunguza. Kovu lipo. Silaha niliuza kwa utaratibu wa polisi baada ya miezi saba, kwa hasara.

Kaliba zenyewe

Ya .22 LR ipo tangu mwaka 1887 na bado ndiyo shule bora ya shabaha duniani. Kichwa chake kina gramu 2.6, teke lake halimtishi mtu, na rivolva zake hubeba risasi sita, nane hata kumi. Kwa kujifunza na kujiburudisha, sina zaidi. Kwa kujilinda inachechemea kwa mambo mawili: ni dhaifu, na fataki yake, ile inayowasha baruti, imefichwa kwenye ukingo wa ganda badala ya katikati, kwa hiyo mara mojamoja nyundo inagonga na kimya kinafuata. Rivolva ina nafuu hapo, maana ukivuta triga tena silinda inaleta risasi nyingine. Bado sipendi kumkabidhi mtu usiku wake wa mwisho silaha yenye kusitasita.

Hata hivyo nilimwambia mama mmoja wa Kirumba, mayu mwenye vidole vilivyokakamaa kwa miaka ya kupara samaki kwenye barafu, kwamba .22 iliyogonga inamshinda .38 iliyokosa. Yeye alishindwa kabisa kuvuta triga nzito ya .38. Triga ya .22 nayo si nyepesi siku zote, kwa hiyo tulijaribu tatu mpaka tukapata moja. Mwishoni aliamua kuweka mlinzi na taa, akaacha habari ya bastola. Uamuzi huo naupenda kuliko bastola zote.

Ya .32 S&W Long ni ya kiungwana. Nguvu yake ni kama nusu ya .38, teke kidogo, na kwenye karatasi inatoboa palepale unapotaka. Ingekuwa jibu la watu wengi wenye mikono midogo. Ila tafuta risasi zake kwanza, kabla hujaipenda.

Ya .38 Special ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, na polisi wa Marekani waliibeba kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata. Risasi yake ya kawaida ina kichwa cha greni 158, yaani gramu 10 na ushee, na hutoka mtutuni kwa mita 230 hadi 260 kwa sekunde. Ni polepole ukilinganisha na Magnum, na upole huo ndio faida yake kwetu: teke linalovumilika, kishindo kinachovumilika, na nguvu ya kutosha kumsimamisha mtu kwenye umbali wa sebule. Zipo zenye alama ya +P, ambazo zimeongezewa mgandamizo kidogo. Hizo zipige tu kwenye silaha ambayo mtengenezaji wake ameziruhusu, na rivolva za zamani za madini mepesi nyingi hazimo.

Raha nyingine ya .38 ni shabaha. Kuna risasi zake zenye kichwa bapa cha greni 148, zinakata karatasi tundu la mviringo safi kama lililotobolewa na mashine ya ofisini. Huhitaji kubishana na mwenzako kama umegusa mstari au hukugusa. Hata mashindano ya kimataifa ya bastola kubwa ya mita 25 yanaruhusu kaliba za kuanzia milimita 7.62 hadi 9.65, kwa hiyo .32 na .38 zote zimo ndani. Magnum haina nafasi pale.

Ya .357 Magnum ilikuja miaka ya 1930. Kichwa kilekile cha gramu 10, lakini kwa karibu mita 375 kwa sekunde kutoka mtutu wa inchi nne au zaidi. Nishati yake ni zaidi ya mara mbili ya .38. Ndani ya chumba chenye paa la bati, kishindo chake kinakuacha kiziwi kwa dakika kadhaa, na kelele hizo si mchezo: mlio wa bastola kubwa huvuka desibeli 155, wakati sikio huanza kuumia kwa mlio wa ghafla wa desibeli 140. Lakini sikukatazi kununua rivolva ya .357. Nakushauri ununue ya chuma, nzito, mtutu wa inchi nne, halafu uilishe .38. Teke linakuwa dogo kwa sababu silaha ni nzito, chuma hakichoki kwa sababu kimejengwa kwa mgandamizo mkubwa zaidi, na siku moja ukipata uwanja mpana wenye kichuguu kizuri unaweza kupiga Magnum sita ukafurahi. Ukifanya hivi, safisha matundu ya silinda. Ganda fupi la .38 huacha pete ya masizi ndani, na baada ya mamia ya risasi ganda refu la Magnum linakataa kuingia mpaka mwisho.

Ya .44 Magnum, ya katikati ya miaka ya 1950, ni ya wawindaji wa Marekani na watu wanaotaka kusimuliwa. Inatoa nishati ya zaidi ya jouli 1,000. Kwa nyumba ya Mwanza, hapana.

Utakutana na mtu atakayekuambia chukua rivolva ya 9 mm kwa kuwa risasi zake zimejaa kila mahali. Hoja yake ina uzito. Kasoro ni kwamba ganda la 9 mm halina ukingo wa kushikwa na silinda, kwa hiyo rivolva nyingi za namna hiyo hutumia vibati vyembamba vya chuma vya kushikilia risasi. Kibati kikipinda, silinda inakwama. Mtu anayetaka 9 mm naona bora achukue bastola ya magazini tu.

Uliza risasi kabla ya bastola

Hatua hii ni fupi lakini imeniokolea watu wengi. Nenda kwa wauzaji wenye leseni, uulize risasi za kaliba unayoitaka: zipo leo? Zilikuwepo miezi sita iliyopita? Za kichwa gani? Muuzaji akisema "zitakuja", ujue huna silaha, una chuma. Usiagize kwa mtu anayepita na lori kutoka mpakani, na usijaze maganda nyumbani kwa baruti ya kuokoteza. Kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na mtutu uliopasuka haukati rufaa.

Uliza pia kuhusu risasi za mazoezi. Kwa sababu ya kikomo cha leseni huwezi kurundika maboksi ndani, kwa hiyo panga na uwanja wa shabaha namna ya kuzipata na kuzimaliza palepale. Asiyepiga angalau risasi 50 kwa miezi mitatu, kwangu mimi, hana kaliba yoyote.

Jaribu kwa sahani

Sasa ndio unakwenda uwanjani, chini ya msimamizi, ukiwa na vizuia sauti masikioni na miwani. Omba kuazimwa .22, .38, na .357 kama ipo. Bandika karatasi yenye ukubwa wa sahani ya ugali kwa umbali wa mita saba. Anza na .22, risasi tano, bila kuvuta nyundo, bila haraka. Zikiingia zote kwenye sahani, panda .38. Zikiingia zote tena, punguza muda: risasi tano kwa sekunde kama kumi. Ukifaulu hapo, panda .357. Kaliba ya mwisho uliyoweza kuingiza zote tano ndani ya sahani kwa muda huo ndiyo yako. Siyo ile uliyoingiza tatu ukasema "nitazoea".

Ukiona risasi zinashuka chini kushoto (kwa anayetumia mkono wa kulia), unashtuka kabla ya mlio. Mwambie msimamizi akupakilie silinda bila wewe kuona, achanganye risasi hai na maganda yaliyokwisha kupigwa. Nyundo ikigonga ganda tupu na mtutu ukainama wenyewe, umejikamata mwizi wako. Rivolva ndiyo mwalimu mzuri wa zoezi hili. Mimi lilinichukua wiki tatu.

Zingatia pia kwamba rivolva nyingi za .38 zina vilengeo visivyorekebishika, navyo vimepangwa kwa kichwa cha greni 158. Ukipiga kichwa chepesi, tundu linaonekana chini kidogo. Haina maana umeharibikiwa. Kichwa chepesi kinatoka haraka kabla teke halijainua mtutu.

Mawili ya usalama ambayo kwa rivolva ni tofauti na bastola nyingine. Ukisikia mlio hafifu, "puu" badala ya kishindo, simama. Kichwa kinaweza kuwa kimenasa ndani ya mtutu, na rivolva haitajizuia, ukivuta triga tena itatuma risasi ya pili kwenye mgongo wa ya kwanza. Fungua silinda, ondoa zote, mulika mtutu. Na nyundo ikigonga bila mlio wowote, bakia umeelekeza mtutu kwenye kichuguu kwa nusu dakika, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka.

Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Najua nje ya geti kuna sato wa kuchoma, lakini risasi ina madini ya risasi kweli, yale yenye sumu, na vumbi lake liko vidoleni.

Unyevu wa ziwa

Kaliba ukishaipata, adui wa kwanza ni hewa yetu. Nyumba ya Capri Point au Igombe inayopokea upepo wa ziwa kila asubuhi inaotesha kutu kwenye chuma ndani ya wiki. Usihifadhi rivolva ndani ya mkoba wa ngozi, ngozi inanyonya unyevu na kuukumbatia. Futa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, pitisha brashi kwenye mtutu na kila tundu la silinda, kisha weka kwenye kasha la chuma lililofungwa kwa nati ukutani, ufunguo ukiwa kwako peke yako. Watoto wasijue hata kasha liko chumba gani.

Mafuta yasiguse risasi. Yakipenya kwenye fataki, risasi inakufa kimyakimya na wewe hujui. Zitunze kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Juu ya kopo mimi nimeandika kwa kalamu mwezi niliozinunua. Kila mwaka zile zilizokaa kwenye silinda nakwenda nazo shabahani, nazipiga zote kwenye sahani, na mpya zinachukua nafasi. Mwaka jana moja kati ya sita haikulia. Nilirudi nyumbani nikahamisha kasha kutoka ukuta unaotazama ziwa.